Skrubu Ndogo Kando ya Jicho

Kitsao ameniletea mashine ya gemu ndani ya leso ya mamake,
imelala juu chini, kama kasa aliyepinduliwa.
"Ikiwa kifudifudi inasoma," anasema.
"Ikikaa sawa inazunguka tu, zzz, zzz, halafu kimya."
Najua. Hata kabla sijafungua, najua.
Ni reli ya plastiki: jicho limepita hapo
mbele nyuma, mbele nyuma, miaka kumi na tisa,
reli ikalika upande mmoja,
na jicho likainama kama mtu aliyechoka kusikiliza.
Ukiipindua, uzito hulirudisha mahali pake.
Si uchawi. Mzigo umehamia bega jingine.

Kibanda changu kiko Maweni, nyuma ya kinu cha mahindi,
na unga nao una lake la kufanya juu ya lenzi.
Lakini adui mkubwa haonekani.
Lamba kitasa cha mlango wangu utamwonja.
Huingia popote palipo na tundu la kupumulia,
huanza na vijimeno vya shaba kwenye utepe,
na haraka hana.

Watu huniuliza: Mbodze, mbona hii imekufa na ile bado?
Ningekuwa na jibu moja
ningeliandika ukutani nikalale.
Nimeziona mbili zilizotoka nyumba moja, kwa Mtaliano
aliyefunga virago akaacha hata sufuria.
Moja aliinunua daktari wa meno,
akaifunika kitambaa cha kudarizi,
akaicheza sikukuu hadi sikukuu.
Grisi ikageuka gundi. Jicho likanasa
kama nzi kwenye asali.
Nyingine ilikwenda kwa Jumwa, Kisumu Ndogo,
shilingi tano mechi moja,
watoto foleni hadi nje, madaftari kichwani,
diski zenyewe za kunakili, mgongo wa zambarau,
zimekwaruzwa kama ubao wa kukatia sukuma.
Hiyo ndiyo ingali hai.
Inanguruma kama inasaga karanga, lakini iko hai.
Jumwa ameiweka juu ya matofali mawili ipumue chini,
huipangusa kila usiku kabla ya kuhesabu pesa.
Labda ni matofali. Labda ni ule mkono.
Kizuri kitunze kidumu, wanasema.
Daktari naye alitunza.

"Fundi wa sokoni ameniambia kuna skrubu," asema Kitsao,
"ukiizungusha kidogo jicho linapata nguvu."
Ipo. Ndogo kama ufuta, kando ya jicho.
Niliizungusha mara moja.
Mashine ilikuwa ya ndugu yangu Ngala,
mwaka ule hawezi kutoka kitandani,
nami nina kodi ya kibanda shingoni
na sina saa nzima ya kusafisha reli.
Robo ya mzunguko. Ikasoma kila kitu,
hata diski iliyopasuka ukingoni ikaisoma.
Mwezi mmoja na siku nne.
Mwanga uliolazimishwa hujila wenyewe.
Nilimkuta ameshika padi, skrini ya buluu mbele yake,
akaniuliza neno moja tu: "Ulijua?"
Nilijua.

Kwa hiyo leo hatuigusi.
Pamba, spiriti, pumzi nimeizuia.
Grisi ya zamani naikwangua kwa kijiti cha kiberiti,
mpya naipaka kiasi cha punje ya mchele.
Chini ya reli iliyolika nasukuma kipande
nilichokata kwenye kadi ya laini ya simu,
jicho linainuka, unene wa ukucha,
unatosha.

Naigeuza, inakaa sawa. Diski inazunguka,
inasita,
inashika.
Sauti inatukaribisha kwa Kitaliano
na Kitsao anaijibu kwa Kitaliano, neno pekee alijualo.
"Itadumu?"
Sijui, mwanangu. Icheze, usiifiche.
Ilete tena baada ya mvua.
Na leso mrudishie mama:
nyuzi zake nne nimezitoa kwenye gia.